Ndoo ya mboji iliyonuka ghorofani, na namna ya kuanza upya

"Shikamoo bibi shamba. Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na mume wangu na watoto wawili. Nina balkoni ndogo inayopigwa na jua la alasiri, nimepanda mchicha na matembele kwenye viroba. Nilitaka kutengeneza mboji yangu mwenyewe badala ya kununua mbolea. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaweka maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, machicha ya nazi na wali uliolala. Nilisoma kwamba mboji inahitaji unyevu, nikawa naimwagia maji, halafu naifunga mfuniko imara isinuke. Baada ya wiki mbili harufu ilikuwa haivumiliki, chini maji meusi, juu funza. Nikapuliza dawa ya mbu, nikamwaga majivu mengi, lakini wapi. Jirani wa juu ameshapeleka malalamiko kwa msimamizi wa jengo. Halafu haikupata joto hata kidogo, ingawa nasikia mboji nzuri hufuka mvuke. Mume wangu ana pumu na sasa hataki hata kuisikia. Je, mboji inawezekana kweli kwenye fleti, au ni mambo ya wenye viwanja? Na hii iliyooza niifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mboji inawezekana ghorofani, na inawezekana bila jirani kujua kwamba ipo. Ila ndoo moja haitamaliza mabaki yote ya familia ya watu wanne, na hilo nitalieleza mbele, kwa sababu wengi hukata tamaa hapo hapo bila kujua kilichowashinda. Kwanza tuiangalie hiyo ndoo yako. Mambo mawili uliyofanya kwa nia njema kabisa, kuongeza maji na kufunga mfuniko, ndiyo yaliyoiharibu.

Ganda la ndizi au jani la mchicha, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Likianza kuoza, ukuta wa zile chembechembe zake hupasuka na maji yale hutoka yote. Kwenye shamba yangenywewa na ardhi. Kwenye ndoo ya plastiki hayana pa kwenda, yanashuka chini na kujaza kila upenyo uliokuwa na hewa. Na hewa hupenya kwenye maji kwa taabu kubwa, maelfu ya mara polepole kuliko inavyopita kwenye nafasi tupu. Kwa hiyo ndani ya siku chache tu sehemu ya chini ya ndoo yako ilikuwa haina hewa kabisa.

Hapo ndipo kazi hubadilisha mikono. Kuna vijidudu wanaoozesha vitu kwa kutumia hewa. Hao hutoa joto, mvuke na gesi ya kaboni, gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua, na haina harufu. Hewa ikiisha wanakufa au wanalala, na nafasi yao inachukuliwa na wengine wasiohitaji hewa. Hao wa pili hutoa asidi zenye harufu kama ya matapishi, na gesi ya salfa inayonuka kama yai viza. Kufunga mfuniko hakukuizuia harufu, bali kuliwaachia uwanja wanaoitengeneza.

Ule ushauri wa kumwagia maji si wa uongo. Uliandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye rundo la mabua ya mahindi na nyasi kavu nje juani, ambalo bila maji litakaa mwaka mzima vile vile. Wewe una tatizo lililo kinyume na lake. Jikoni kwako maji yamezidi na vikavu havipo. Usiongeze maji kwenye mabaki ya jikoni mpaka mboji yenyewe ikuonyeshe kwamba imekauka, na dalili yake nitakupa.

Kuna jambo la pili, la chakula cha hao vijidudu. Wanahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano wa karibu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabaki mabichi ya mboga yana naitrojeni nyingi kuliko hapo. Ile inayozidi hawawezi kuitumia, hivyo hutoka kama amonia, ile harufu inayochoma pua kama ya choo kisichomwagiwa maji. Vitu vikavu vya kahawia, kama maranda, majani makavu na maboksi, vina kaboni tele. Ndiyo maana ukiviongeza unatibu magonjwa mawili kwa pamoja: vinafyonza maji na vinaisawazisha ile naitrojeni. Majivu hayafanyi hivyo. Majivu mengi huondoa uchachu na kuisukuma amonia itoke kwa kasi zaidi, kwa hiyo sishangai harufu ilikuzidi baada ya kuyamwaga. Kijiko kimoja kwa wiki hakidhuru. Kikombe kizima kinadhuru.

Kuhusu joto, usijilaumu hata kidogo. Rundo linalofuka mvuke, lenye nyuzi 55 na zaidi ndani, ni rundo la karibu mita moja kila upande. Ukubwa huo ndio unaolinda joto lisipotee. Ndoo ya lita 20 ni ndogo mno, joto lote linatoka kupitia kuta zake. Mboji ya ndoo huiva polepole bila kuchemka, nayo ni mboji halali kabisa. Lakini kukosa joto kuna gharama yake. Joto lile ndilo linaloua mbegu na vimelea vya magonjwa. Kwa kuwa wewe huna, mbegu za nyanya na pilipili zitaota kwenye viroba vyako, hilo ni dogo, na usiweke humo nyama mbichi, matumbo ya samaki, pampasi, wala kinyesi cha paka au mbwa. Kwenye hili la mwisho sina nafasi ya kulegeza, hasa kwa mboga utakazozila.

Funza nao hawakuzuka kutoka kwenye uchafu, waliletwa na nzi waliotaga mayai pale ulipofungua ndoo, na kwenye joto la Dar yai la nzi wa nyumbani linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Vile vinzi vidogo vya matunda huingia nyumbani vikiwa mayai tayari juu ya ganda la ndizi au embe. Dawa yao ni kuhakikisha hakuna kibichi kinachobaki kikionekana juu, basi. Siku moja ukiona funza wakubwa, bapa, wa rangi ya kahawia au kijivu, wenye pingili ngumu, hao ni wa nzi mwingine mweusi mwembamba ambaye akikua hali chakula chetu wala hazoei meza zetu. Wanakula mabaki kwa kasi ya ajabu, na kuna watu wanaowafuga makusudi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Wanatisha macho tu.

Sasa hiyo iliyooza. Kama isingepulizwa dawa ya mbu ningekuambia tuiokoe kwa maranda. Kwa kuwa imepulizwa, na mboga zako ni za kula, iache iende. Changanya na maranda au karatasi zilizochanwa mpaka isichuruzike, funga kwenye mfuko, uitoe siku ile ile gari la taka linapopita ili isilale kwenye ngazi. Usiimwage chooni wala kwenye sinki, utaziba bomba la jengo zima na hapo malalamiko yatakuwa makubwa zaidi. Yale maji meusi usimwagilie mchicha. Wengi huyaita mbolea ya maji, lakini maji yaliyotoka kwenye uozo usio na hewa yana asidi inayounguza mizizi na yanaweza kuwa na vimelea. Osha ndoo kwa sabuni, ianike juani siku nzima.

Kuanza upya, usianze na maganda. Anza kwa kutafuta kikavu. Nasisitiza hili kuliko jingine lolote humu: mtu asiye na gunia la vitu vikavu nyumbani asifungue ndoo ya mboji. Uko Upanga, na Keko kwa mafundi samani si mbali. Maranda, yaani yale yanayojikunja yanayotoka kwenye randa, wengi wao wanayatupa au wanayauza kwa bei ndogo. Yachague kuliko vumbi la msumeno, maana vumbi hushikana na kuziba hewa, maranda huacha nafasi. Mwulize fundi alikuwa anaranda mbao gani. Usichukue yanayotokana na mbao za kupaulia zilizowekwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, wala unga wa mbao za viwandani zilizogandishwa kwa gundi. Ukikosa maranda, majani makavu ya mwembe au mkungu yaliyovunjwavunjwa yanafaa sana, na trei za mayai na maboksi yasiyong'aa, yakichanwa vipande vidogo, nayo yanafanya kazi. Ile mifuko laini ya kubebea bidhaa inayofanana na kitambaa, iliyoenea baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019, isikudanganye. Mingi ni plastiki iliyosokotwa na haiozi.

Toboa ndoo kwa msumari uliopashwa moto: matundu kama 15 chini, na mengine kuzunguka ubavuni na kwenye mfuniko. Bandika kipande cha chandarua cha zamani kwa ndani ili nzi wasipite. Iinue juu ya vipande viwili vya mbao, na chini weka sinia la kukinga majimaji. Sakafuni mwa ndoo tandaza maranda kwa kina cha vidole vinne. Kisha kila siku weka mabaki yaliyokatwa vidogo, kipimo kimoja, na juu yake maranda vipimo viwili. Pima kwa kikombe au kopo lolote mpaka mkono uzoee. Malizia kwa maranda kila mara, usione ganda hata moja. Mara mbili kwa wiki, koroga kwa kijiti au mwiko wa zamani mpaka chini, kisha funika tena kwa maranda.

Kipimo cha unyevu ni kukamua konzi moja mkononi. Tone moja au mawili likitoka, hali ni nzuri. Maji yakichuruzika, ongeza kikavu siku hiyo hiyo. Isiposhikana kabisa na sisimizi wakaanza kuhamia, hiyo ndiyo dalili ya ukavu niliyokuahidi, nyunyiza kikombe cha maji. Katika masika hewa yenyewe ina unyevu na gunia la maranda hulowa likiachwa nje, kwa hiyo lihifadhi ndani au ndani ya pipa lenye mfuniko.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme unaweka lita moja ya mabaki kwa siku na lita mbili za maranda. Vikishuka na kuoza hupungua karibu nusu, hivyo ndoo ya lita 20 itajaa kwa takriban wiki mbili. Ikijaa, inahitaji kutulia wiki 8 hadi 10 huku ukiikoroga mara moja kwa wiki. Maana yake unahitaji ndoo tano au sita zinazopokezana ili usikwame, na hapo kuna siku utaunganisha mbili za zamani kuwa moja. Familia yako inatoa zaidi ya lita moja, najua. Ndiyo maana nilisema hutamaliza yote. Chagua yanayooza kwa urahisi na yasiyonuka: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, majani ya mboga, majani ya chai, makapi ya kahawa, maganda ya mayai yaliyosagwa. Maganda ya machungwa na vitunguu yanaruhusiwa kwa kiasi, hayauwi mboji kama inavyosemwa, yanachelewa tu. Kokwa za embe na vifuu vya nazi viache, hutaviona vikiisha. Wali, ugali, mafuta na mchuzi visiingie.

Machicha ya nazi yanahitaji neno lake, kwa sababu nadhani ndiyo yaliyochangia sana harufu yako na kwa nyumba za pwani ndiyo mengi. Hata baada ya kukamuliwa tui, yanabaki na mafuta. Mafuta huvika vitu vingine na kuzuia maji na hewa visipite, kisha yenyewe huchacha. Konzi moja iliyotawanywa kwenye maranda haina shida. Bakuli zima ni shida. Mwenye kuku yeyote atayapokea kwa furaha, na kwangu hiyo ni njia bora kuliko mboji.

Utasikia pia watu wakikupendekezea nyungunyungu. Wanatoa mboji nzuri kuliko zote, sibishani, na nimewapenda miaka mingi. Lakini kwenye balkoni inayopigwa jua la alasiri sikushauri. Wale wekundu wanaosifiwa sana kwenye vitabu vya nchi za baridi hustawi kati ya nyuzi 15 na 25, na ndoo ya plastiki iliyo juani Dar mwezi wa Februari huzidi hapo mno. Kuna aina kubwa zaidi yenye asili ya Afrika Magharibi inayostahimili joto letu vizuri, lakini nayo ikikerwa na joto au unyevu hutoka usiku na kutembea sakafuni, na kwa hali ya nyumba yako sasa hivi hilo halitapokelewa vyema. Ungekuwa na kona yenye kivuli siku nzima ningejibu vingine.

Njia nyingine ni kuchachusha mabaki kwa pumba zilizotiwa bakteria wa maziwa lala na molasi, mbinu iliyoenea kutoka Japani. Hapa mfuniko hufungwa kweli kweli, tena ndoo haitobolewi. Usione kama najipinga. Tofauti ni kwamba bakteria hao hutengeneza asidi haraka kiasi kwamba wale waozeshaji wanaonuka hawapati nafasi, na harufu inayobaki ni ya uchachu kama ya achari. Inapokea hata wali na vyakula vilivyopikwa. Tatizo lake kwa mtu wa ghorofani ni mwisho wake: baada ya wiki mbili unachopata bado si mboji, ni mabaki yaliyochacha, na lazima yachanganywe na udongo yakae wiki tatu au nne nyingine kabla ya kugusa mizizi. Kama una kiroba kimoja cha udongo cha kufanyia hivyo, au ndugu mwenye kiwanja Mbezi unayemtembelea kila mwisho wa mwezi, ni njia nzuri. Kama huna, utabaki na ndoo zilizochacha zisizo na pa kwenda.

Na usidharau kumpa mtu. Mfugaji wa kuku, au bustani iliyo karibu nawe, akichukua maganda yako mara mbili kwa wiki, umeshayaokoa na safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako yakifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi inayokamata joto la dunia kwa nguvu zaidi ya mara 25 kuliko gesi ya kaboni ikihesabiwa kwa miaka 100. Unaweza kutengeneza mboji kwa nusu na kugawa nusu. Kwa hali uliyonieleza, ndivyo ninavyokushauri.

Mboji yako itakuwa imeiva utakaposhindwa kutambua kilichoingia, isipokuwa vipande vya maranda vilivyogeuka vyeusi, na ikinuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Kabla ya kuitia kwenye mimea, panda mbegu kumi za mchicha kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu. Zikiota nane au tisa na majani yakawa ya kijani, tayari. Zikiota mbili na majani yakawa ya njano, iache wiki tatu nyingine. Kwenye viroba changanya sehemu moja ya mboji kwa tatu za udongo. Usipande kwenye mboji tupu, inashika maji kupita kiasi na hushuka kila wiki.

Sasa mumeo. Mboji ina ukungu mwingi wa asili, na inapokorogwa ikiwa kavu hurusha vumbi lenye mbegu za ukungu zinazoweza kuamsha pumu. Naomba mzungumze na daktari wake kabla ya kuanza tena, si baada. Akiridhia, kazi ya kukoroga iwe yako, ufanye akiwa hayupo, mboji ikiwa na unyevu, na wewe uvae barakoa, mlango wa ndani umefungwa. Ndoo isikae chini ya dirisha la chumba cha kulala. Akianza kukohoa usiku au kutumia dawa yake ya kuvuta mara nyingi kuliko kawaida, toa ndoo nje ya nyumba siku hiyo na mwende hospitali. Hapo mboji haina cha kujadiliwa, gawa mabaki yote.

Kwa jirani, nenda wewe mwenyewe kabla ya kuanza. Mweleze kilichotokea na utakachobadilisha, na mwambie akisikia harufu akugongee kwanza. Msimamizi naye aulizwe kama mkataba wa nyumba unaruhusu, maana baadhi ya majengo yanakataza kitu chochote kinachodondosha maji balkoni. Na kama ukifuata haya yote na ndoo bado inanuka, au mimea ikawa ya njano baada ya kuitia mboji, tafuta afisa ugani wa kata yako aje aione na kuishika. Kuna mambo ambayo kwa maandishi siwezi kuyanusa.

Kwa sasa tafuta gunia la maranda, uanze na ndoo moja peke yake, nusu lita ya maganda kwa siku. Ikifika wiki ya tatu bila harufu, toboa ya pili.